Vijana wane wa Mesa

Ndugu vijana, orkestra zetu ndogo nyingi zinajua wimbo moja kupita zote: "Tunangojea mukubwa wa feza." Basi sikieni habari ya vijana wane wa muji wa Mesa, jimbo la Arizona, kule Marekani. Arizona nayo ni inchi ya shaba sawa kwetu. Hakuna jimbo lingine la Marekani linalotoa shaba kuipita.

Walianza mwaka 1993: Jim Adkins, Tom Linton, Zach Lind na Mitch Porter. Jina lao, Jimmy Eat World, lilitoka ku picha ya mutoto. Wadogo wawili wa Tom walipigana, mumoja akachora mwenzake anakula dunia nzima, akaandika maneno hayo. (Jimmy ule si Jim muimbaji, musichanganye.)

Muziki yao inaitwa emo: gitare na ngoma za nguvu, lakini maneno yanatoka ndani ya moyo, huzuni na haya. Wao wakatia sauti ya kuimbika vizuri, njo emo-pop. Mwanzo Tom ndiye aliimba zaidi. Kisha Jim akakamata nafasi ile, na Tom akabaki na gitare yake bila kuvunja kundi. Kwetu orkestra ngapi zimekufa kwa neno hilo moja?

Mwaka 1995 Rick Burch alichukua nafasi ya Mitch, na kompani kubwa, Capitol, ikawaandika. Wakatoa Static Prevails mwaka 1996 na Clarity mwaka 1999. Hazikuuzika sana, na mwaka ule ule wa 1999 wakaachana na kompani.

Hapa musome polepole. Tom alienda kufanya kazi ya kujenga. Rick akauzisha vipande vya motokari, Zach akatumika kwa wauzisha-motokari, Jim akauzisha vyombo vya wachoraji. Studio wakailipa wenyewe, kwa feza yao. Mark Trombino, fundi wa sauti aliyewajua tangu Static Prevails, aliposikia nyimbo mupya akakubali kuanza bure, alipwe kiisha. Mutu hakubalie vile watu wanaochelewa ku mazoezi!

Kompani zilipokuja tena, zilikuta diski imeisha kutengenezwa, na wenyewe njo wale wane. DreamWorks ikaitoa mwezi wa Julai 2001 kwa jina Bleed American. Kisha mashambulio ya tarehe 11 Septemba, jina lile lenye kusema damu likatolewa, ikabakia paka jina la kundi. Wimbo wake "The Middle", wa kumutia nguvu kijana anayejiona ametupwa na wenzake, ukafika nafasi ya 5 Marekani mwaka 2002, na diski ikapita milioni moja.

Walipotoa Surviving mwaka 2019, walikuwa wangali wale wale: Jim, Tom, Zach na Rick.