Msingoje Jirani Auze Mtumbwi

Mama mmoja wa visiwa vya Delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, alishikwa na maradhi ya saratani, akapelekwa Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam. Tiba ya mionzi huchukua majuma kadhaa. Basi gharama si dawa tu, bali ni nauli ya mashua hadi Nyamisati, nauli ya gari, malazi na chakula. Mwanawe akataka kuuza mtumbwi, nao ndio riziki ya nyumba. Tukamzuia. Tukachanga msikitini, kila mtu kwa kadiri yake, tukampa kwa siri asione haya. Enyi vijana, Zaka ina mafungu 8 (Sura At-Tawba, aya 60), na la kwanza ni mafakiri. Yatupasa tumwulize jirani hali yake mapema, kabla hajafilisika.