Serikali Imo Ndani ya Lita

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli Kenya, hutangaza bei mpya za mafuta, na bei zikipanda maelezo huwa yale yale: soko la dunia, dola, vita vya watu wengine. Sawa, hakuna waziri wa Kenya anayepanga bei ya pipa. Lakini lita ya petroli Nairobi haijai petroli peke yake. Mna ushuru wa bidhaa humo, tozo ya barabara, tozo ya reli, tozo ya ustawi wa petroli, kisha VAT. Hizo hazikupangwa Riyadh. Zilipitishwa hapa hapa, na watu tuliowachagua.

Septemba 2022, siku moja baada ya William Ruto kuapishwa, ruzuku ya petroli iliondolewa na lita ikaruka kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30. Tukaambiwa ruzuku ni mzigo. Haya. Mbona basi Julai 2023, nauli zikiwa zimeshapaa, Sheria ya Fedha ikapandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16? Oktoba mwaka huo petroli ilifika 217.36. Moses Kuria, aliyekuwa waziri wa biashara, alikuwa ametushauri tujipange kwa nyongeza ya shilingi 10 kila mwezi hadi Februari. Ndiyo pole tuliyopewa.

Na ruzuku yenyewe, ilipokuwapo na iliporejeshwa, ilikuwa ya nani? Tangu Julai 2020 tozo ya ustawi wa petroli ni shilingi 5.40 kwa lita, kutoka senti 40. Tozo hiyo ndiyo inayojaza mfuko wa ruzuku. Mwenye bodaboda ndiye anayeuchangia mfuko huo; akirudishiwa kidogo anatakiwa ashukuru. Isitoshe, zaidi ya bilioni 18 za mfuko huo huo zilipelekwa kwenye reli ya SGR. Ni sawa na mtu akuchomolee pochi, akukopeshe nauli.

Lakini kinachonichoma zaidi ni mafuta ya taa. Mwaka 2018 yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, eti kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli. Mwizi ana lori na bohari, anajulikana anakopakulia; adhabu akapewa mama wa Kayole mwenye stovu ya utambi. Oktoba ile ya 2023 alikuwa akinunua lita kwa 205.06, karibu sawa na mwenye gari la dizeli. Msimamizi wa ubora wa mafuta alishindwa na kazi yake, bili ikapelekwa jikoni.

Sasa shilingi 7 kati ya 25 za tozo ya barabara zimewekwa rehani kuchangisha bilioni 175 za kuwalipa makandarasi. Pipa lishuke lisishuke, hizo zina mwenyewe.

Kwa hiyo tusiitiwe kikao kingine cha wanahabari kuhusu soko la dunia. Rudisheni VAT asilimia 8. Futeni zile shilingi 18 za mafuta ya taa kabla ya tarehe 14 ijayo. Kisha wekeni mezani hesabu ya mfuko wa ustawi wa petroli, kuanzia Julai 2020, shilingi kwa shilingi.