Gemu la Mkononi Lipimwe kwa Betri Yake

Na Bakari Semkiwa

Mpwa wangu aliyeko kijijini Mpale, darasa la tano, aliniagiza kitu kimoja tu kabla ya likizo: gemu la mkononi, lile lenye Mario na Contra. Nikaingia madukani pale Manundu, Korogwe mjini, nikayakuta yamepangwa kwenye kabati la kioo pamoja na chaja na redio ndogo. Kila boksi linajitapa kwa namba: michezo 400, 500, hata elfu na ushei. Muuzaji naye alianzia kwenye namba hizo hizo. Nikamwomba anifungulie mfuniko wa nyuma.

Namba za boksini si za kununulia. Ukiipitia orodha utaona mchezo uleule unarudi mara tatu, mara nne, kwa majina tofauti. Huku unaanzia hatua ya pili, kule mhusika kabadilishiwa rangi ya nguo. Nililonunua nilikaa nalo jioni mbili, na michezo ambayo mtu angependa kuirudia haikuzidi ishirini na kitu. Kwangu inatosha. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 peke yake ina uwezo wa kummalizia mtoto likizo nzima, maana bado ni mchezo uliotungwa kwa akili: hatua ya kwanza inakufundisha kuruka bila kukuandikia neno hata moja.

Ndani ya gemu la bei hii kuna chipu inayoiga Famicom, mashine iliyotolewa na Nintendo huko Japani mwaka 1983. Wa rika langu tuliijua kwa nakala zake, zile za kuunganisha kwenye televisheni, ambazo kaseti zake tulizipuliza vumbi kabla ya kuzichomeka. Nakala hizo hazikuwa na kibali cha wenye michezo, na haya ya leo mengi yako vilevile. Nalisema wazi kwa sababu waliobuni michezo hiyo walifanya kazi ya kweli.

Mmoja wa wabunifu wa Nintendo aliitwa Gunpei Yokoi. Mwaka 1989 kikosi chake kilitoa Game Boy, ikiwa na kioo kisicho na rangi wala mwanga, ikitumia betri nne ndogo za kawaida. Mwaka uliofuata Sega wakaleta Game Gear, yenye rangi na mwanga, iliyokula betri sita kwa saa chache tu. Kwa macho, Game Gear ilishinda. Sokoni ilizikwa: Game Boy, pamoja na ndugu yake wa rangi, iliuzwa zaidi ya milioni 118. Yokoi aliamini teknolojia iliyozoeleka na kushuka bei inaweza kuzaa kitu kipya, na kwa mtu anayekaa mbali na mafundi wakubwa sijaona imani iliyo sahihi zaidi.

Ndiyo sababu nilitaka mfuniko ufunguliwe. Chini yake palikuwa na betri iliyoandikwa BL-5C. Ni aina ileile iliyokuwa kwenye Nokia 1100, na hadi leo inaingia kwenye simu nyingi za kitochi. Kwa hiyo betri ikichoka, mtoto hasubiri mjomba aje kutoka mjini. Anakwenda kwa muuza spea za simu, au anaulizia siku ya gulio. Lakini itazameni vizuri kabla ya kulipa. Iliyovimba, hata kidogo, irudisheni. Mwaka 2007 Nokia wenyewe walitoa tahadhari juu ya betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na Matsushita, kwa kuwa zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji. Za bandia sithubutu kabisa kuzinunua.

Wapo watakaoniambia ninunue ya daraja la juu, Miyoo Mini au Anbernic. Ni kweli, kioo chake ni safi na mchezo unahifadhiwa pale ulipoishia. Hili langu halihifadhi. Ukizima, umeanza upya, na hiyo ni kasoro inayouma. Ila zile nyingine uhai wake wote uko kwenye memori kadi. Kadi ikifa, inatakiwa kompyuta na mtu anayejua kuiandika upya. Anayeishi Dar es Salaam na anunue hiyo. Wa Mpale nimemnunulia hili, kwa shilingi 28,000, baada ya kubonyeza batani zote, mbili mbili kwa pamoja, na kutoka nalo nje juani kuona kama kioo kinasomeka. Kilisomeka kivulini tu.

Dada yangu alilipokea kwa wasiwasi. Kwake neno gemu limeshachafuka, kwa sababu ya zile mashine za kutumbukiza sarafu ambazo watoto huzizunguka wakipoteza hela ya daftari. Nikamwonyesha kwamba hili halina pa kuweka pesa. Mtoto akauliza lake.

“Mjomba, linakula bando?”

“Halili.”

“Na matangazo?”

“Hayamo.”

Akaenda kukaa barazani na wenzake watatu, wakapeana zamu: ukifa, unampa mwenzako. Tulicheza bao hivyohivyo.

Wiki iliyofuata nilimpigia mama simu siku mbili mfululizo, haipatikani. Nikampigia dada. Kumbe kitochi cha bibi kilikuwa mezani kimefunguliwa mgongo, na betri yake iko barazani, inapigana Contra. Jumamosi hii napanda tena Mpale. Nimenunua BL-5C mbili, moja ya mtoto na moja ya bibi yake.