Utafiti wa Afya Vyuoni na Lugha ya Mhojiwa

Kila mwaka, muhula wa mwisho unapokaribia, idara za biolojia, uuguzi na afya ya umma katika vyuo vikuu vya Kenya hujaa wanafunzi wa mwaka wa nne wanaohangaika. Huyu anamtafuta msimamizi wake atie sahihi, yule anahesabu hojaji zilizorudi, mwingine amebeba chupa za sampuli ndani ya kisanduku chenye barafu na hajui kama maabara itakuwa wazi hadi jioni. Huo ndio mradi wa utafiti wa shahada ya kwanza. Kwa wengi ni mara ya kwanza kuuliza swali ambalo hata mhadhiri hana jibu lake, na aghalabu huwa ni mara ya mwisho pia. Kazi hii inastahili heshima kuliko inavyopewa. Hata hivyo, ina ila moja ambayo wanasayansi hawaioni na ambayo wanafunzi wa Kiswahili wameinyamazia. Mradi huzaliwa kwa Kiingereza, hupitishwa kwa wananchi kwa Kiswahili cha kubabaisha, kisha hurudi katika Kiingereza na kufungiwa humo.

Pendekezo la utafiti huandikwa kwa Kiingereza na kamati ya maadili hulisoma kwa Kiingereza. Ifikapo siku ya kwenda nyanjani, ndipo mwanafunzi hukumbuka kwamba watu atakaowahoji hawazungumzi lugha ya hojaji yake. Basi huifasiri usiku, peke yake, au huifasiri papo kwa papo mbele ya mhojiwa. Swali la asubuhi huwa na maneno haya, la alasiri huwa na mengine. Mwanafunzi huyohuyo hangethubutu kupima sampuli moja kwa mizani hii na nyingine kwa mizani ile halafu azilinganishe. Lakini swali nalo ni kipimo, na kipimo hicho hukibadilisha kila anapobisha hodi.

Chukua neno dogo tu: homa. Hojaji nyingi kuhusu malaria humwuliza mzazi iwapo mtoto wake amekuwa na homa katika wiki mbili zilizopita. Katika kamusi, homa ni ugonjwa unaopandisha joto la mwili. Katika vinywa vya Wakenya wengi, homa ni mafua: makamasi, kikohozi na kupiga chafya. Katika nyumba nyingine, homa ni malaria yenyewe. Basi mama mmoja hujibu ndiyo kwa sababu mtoto wake alikuwa na makamasi. Jirani yake hujibu la, ingawa wake alichemka mwili usiku kucha, kwa kuwa kule zahanati aliambiwa kwamba ni malaria na kwake yeye malaria si homa. Majibu yote mawili huingia katika jedwali moja. Hesabu za takwimu hufanywa kwa uangalifu mkubwa juu ya majibu ambayo hayakujibu swali moja, na msimamizi husahihisha desimali. Laiti mwanafunzi angeuliza kama mwili wa mtoto ulikuwa moto, angeokoa kazi ya miezi minne.

Hali kadhalika dawa. Usugu wa bakteria dhidi ya dawa ni mada inayopendwa sana na wanafunzi wa maikrobiolojia, na ni haki ipendwe, maana ni tatizo zito. Aliyekwenda kutafuta tafsiri kamusini hukutana na neno viuavijasumu. Ni neno lililoundwa vizuri. Lakini ukimwuliza mchuuzi wa sokoni iwapo ametumia viuavijasumu mwezi huu, atakwambia hapana kwa moyo mweupe, na huku vidonge vya amoksilini alivyonunua dukani bila cheti cha daktari vimo mkobani mwake. Yeye anavijua kwa rangi na kwa kazi yake. Mtafiti aliyebeba vidonge vya mfano akamwonyesha angepata jibu jingine kabisa.

Zito zaidi ni fomu ya ridhaa. Wanafunzi wengi huandika kwamba mhusika anaombwa kushiriki katika ‘uchunguzi’. Katika zahanati, uchunguzi ni kile anachofanya daktari anapotaka kujua unaumwa nini. Mgonjwa anayesikia neno hilo akiwa ameketi kwenye benchi la kituo cha afya huamini kwamba damu anayotolewa ni sehemu ya matibabu yake. Neno utafiti lingemwambia jambo tofauti, ingawa nalo linahitaji kuelezwa. Jambo hili si la kubuni. Huko Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na washirika wake wamekuwa na kituo cha utafiti tangu 1989, watafiti waliochunguza suala la ridhaa katika miaka ya 2000 walikuta wazazi ambao hawakuwa na picha wazi ya tofauti kati ya utafiti na tiba. Ikiwa hali ni hiyo mahali penye wataalamu na wafasiri wa kulipwa, itakuwaje kwa kijana wa miaka ishirini na mbili aliyefasiri fomu yake ndani ya matatu? Isitoshe, pwani hiyohiyo ina kumbukumbu ya mumiani, wale waliosemekana kunyonya watu damu ili itengenezwe dawa. Anayefika na sindano na maelezo yasiyoeleweka huingia katika hadithi hiyo bila kujua, kisha hulalamika katika sura yake ya nne kwamba wakazi hawakutoa ushirikiano.

Baada ya kukusanya data, mwananchi husahauliwa. Mfano mwema ni kichocho katika eneo la Kwale. Mwanafunzi huenda katika shule ya msingi na kuwaomba watoto mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa mayai ya kichocho cha kibofu hutoka kwa wingi saa hizo. Huchuja mililita 10, huweka kichujio chini ya hadubini, na huhesabu mayai yenye mwiba nchani. Yakifika 50 au zaidi, maambukizi huhesabiwa kuwa makali. Ni kazi safi, inayofundisha subira. Mtoto aliyepatikana na mayai hupewa prazikwanteli ikiwa msimamizi ni mwangalifu. Lakini je, wazazi huambiwa ni watoto wa upande gani wa kijiji waliozidiwa? Huambiwa kwamba konokono wa bwawa fulani ndio wanaoeneza vimelea, na kwamba anayekojoa bwawani ndiye anayewalisha? Mambo hayo yamo katika sura ya tano, kwa Kiingereza, ndani ya jalada gumu, katika kabati la idara.

Mganga wa mitishamba naye ana malalamiko yake. Kila mwaka kuna mradi wa mwarobaini. Mganga huonyesha mti, hutaja majani yanayofaa, hueleza jinsi ya kuyachemsha. Mwanafunzi huyakausha, huyasaga, huyaloweka katika ethanoli, kisha hupima kwa milimita upana wa eneo ambalo bakteria hawakuota katika sahani ya maabara. Mganga huchemsha kwa maji. Maabara imepima kitu kingine. Tena dawa inayoua bakteria sahanini si lazima iwe inamponya mtu, maana mwilini kuna ini, kuna figo na kuna kiasi kinachoweza kudhuru. Laiti matokeo yangerudishwa kwa mganga kwa lugha anayoielewa, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuuliza kwa nini hawakutumia maji. Hilo ni swali la kisayansi, na lingeboresha mradi wa mwaka unaofuata.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi. Dai hili limezeeka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Wananchi nao hawaogopi maneno mapya yakiwafaa. UKIMWI ni kifupisho kilichoundwa katika miaka ya 1980, na leo hakuna anayekumbuka kwamba ni kifupisho. Mwaka 2020 barakoa, vazi la uso la wanawake wa pwani, liliingia katika kila nyumba kwa maana mpya bila semina yoyote. UVIKO-19, kwa upande mwingine, haikufua dafu mbele ya korona katika mitaa ya Kenya. Watu huchagua, na mtafiti mwerevu huwasikiliza kabla ya kufungua kamusi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: si kila Mkenya hujieleza vyema kwa Kiswahili, hasa wazee wa mashambani. Ni kweli. Huko lugha ya mama ndiyo itakayofaa, na utaratibu uleule utumike. Bali kutokuwapo kwa Kiswahili kila mahali si sababu ya kukiacha pale kilipo, hususan katika nchi ambayo Katiba yake ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Azimio la Helsinki nalo, katika toleo la 2013, linataka washiriki wa utafiti wa tiba wapewe nafasi ya kuarifiwa matokeo ya jumla. Kuarifiwa kwa lugha usiyoielewa si kuarifiwa.

Lawama isiishie kwa wanasayansi. Wanafunzi wa Kiswahili hukaa jengo la pili wakijadili tafsiri kwa nadharia, na tasnifu zao hulala katika makabati ya aina ileile. Chama cha Kiswahili kingeweza kutoa watu wawili kwa kila mradi: wa kwanza aifasiri hojaji na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, wa pili, ambaye hajauona asili wake, airudishe katika Kiingereza. Palipo na tofauti ndipo neno kama homa limejificha. Kazi hiyo haizidi alasiri mbili, na ingempa mwanafunzi wa isimu mifano bora kuliko ile ya vitabuni.

Idara za sayansi nazo zidai ukurasa mmoja wa ikisiri kwa Kiswahili mwanzoni mwa kila mradi, na ziutengee alama, kwani wanafunzi hawafanyi kisichotahiniwa. Nakala moja ipelekwe kwa mwalimu mkuu wa shule iliyotoa mkojo, kwa muuguzi wa zahanati iliyotoa wagonjwa, au isomwe katika baraza la chifu. Iseme nani alipimwa, nini kilionekana, nini hakikujulikana, na bwawa ni lipi.