Shokomzoba Zikichoka: Nyumbani au Gereji?

Gari linaloyumba kila lipitapo kwenye shimo, likainamisha pua kila breki zikanyagwapo, na likaendelea kupwitapwita hata baada ya kurudi kwenye lami nzuri, linamweleza mwenyewe jambo moja: shokomzoba zake zimechoka. Wengi hudhani hilo ni suala la starehe tu. Abiria hunung'unika, dereva hucheka, na safari huendelea. Kumbe ni suala la usalama wa roho za watu, na vilevile ni suala la mfuko wa nyumbani.

Kazi ya springi ni kubeba uzito wa gari. Kazi ya shokomzoba, ambayo mafundi wengi huiita shokapu, ni kuituliza springi. Ndani ya silinda yake mna mafuta, na mna pistoni yenye matundu madogo. Gurudumu likiruka, pistoni husukumwa, mafuta hulazimika kupenya katika matundu hayo polepole, na nguvu ya mtikiso hugeuka kuwa joto. Mafuta yakivuja, springi hubaki bila mtulizaji. Gurudumu hurukaruka, na gurudumu lililo hewani halishiki barabara, wala breki haiwezi kusimamisha gari kwa tairi isiyogusa ardhi. Aidha tairi huliwa kwa mabaka, na fedha iliyodhaniwa kuokolewa kwa kutonunua shokomzoba huishia dukani kwa muuza tairi.

Adha hii huyapata zaidi magari yabebayo uzito siku zote. Lilongwe, mji mkuu wa Malawi tangu mwaka 1975, hupitiwa na wasafiri wenye magari ya kulala ndani, waendao kusini mwa Afrika au warudio Afrika Mashariki. Lori hufika, likapakua, likapumzika. Gari la kulala ndani halipakui kamwe: kitanda, kabati, jiko, mtungi wa gesi na tangi la maji vimo mchana na usiku. Maji ya lita 100 peke yake ni kilo 100. Hali ya basi dogo la abiria haiko mbali na hiyo, na mara nyingi magari ya aina zote mbili hujengwa juu ya gari lile lile, kwa mfano Toyota Hiace.

Mfano utokao katika makazi ya Dzaleka utasaidia. Dzaleka imo katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Zamani palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi, na Kiswahili cha watu wa Kongo, Burundi na Rwanda husikika sokoni kutwa. Na ichukuliwe kuwa ipo familia moja huko yenye Hiace kuukuu, na shokomzoba zake za nyuma zimelowa mafuta. Mume ataka kuzibadili mwenyewe siku ya Jumapili. Mke ndiye mtunza daftari la mapato na matumizi.

Hesabu ya gereji ya mjini si ndogo. Mna bei ya vipuri, malipo ya fundi, petroli ya kwenda na kurudi, na kutwa nzima bila abiria. Kwa mkimbizi mna pia kibali cha kutoka kambini, kwani mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee Dzaleka. Mwezi Novemba mwaka huo huo thamani ya kwacha ilishushwa kwa asilimia 44, na kila kipuri kinachotoka ng'ambo kikapanda bei. Basi haishangazi mume akishika spana.

"Mama watoto, ni bolti nne tu," asema. "Mbili kulia, mbili kushoto."

"Sawa, baba watoto," ajibu mkewe. "Lakini wewe ukiwa chini, gari litakuwa juu ya nini?"

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote. Jeki ni chombo cha kuinulia gari, si cha kulishikilia. Huteleza, huvuja, na huzama penye udongo laini. Matofali nayo hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Asiye na stendi za chuma, au magogo mapana yaliyo imara kwenye ardhi ngumu, asiingie chini ya gari hata kwa dakika moja. Askari aliyepita karakana ya kikosi analijua hilo kama ajuavyo kutoelekeza mtutu wa bunduki kwa mwenzake.

Swali la pili ni la aina ya shokomzoba. Hiace, kama pikapu na malori mengi, ina springi za nyuma za mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na shokomzoba imesimama mbali nazo. Hiyo huweza kubadilishwa nyumbani na mtu makini. Lakini katika magari mengi madogo, kama Toyota Corolla, shokomzoba ya mbele imezungukwa na springi iliyojiviringa na kukandamizwa. Nati ya juu ikifunguliwa ovyo, springi hiyo huruka kwa nguvu ya kuvunja taya au kuua. Hapo hapana mjadala: kazi ni ya gereji yenye kibanio maalumu.

Kwa yule aliyeruhusiwa na maswali hayo mawili, mwenendo wa kazi ni huu. Usiku wa kuamkia kazi, bolti zisuguliwe kwa brashi ya waya na kutiwa mafuta ya kulainisha kutu. Asubuhi gari lisimame mahali tambarare, magurudumu ya mbele yakingwe kwa vigingi, na watoto waondolewe hapo. Gari liinuliwe, stendi ziwekwe chini ya chesisi, kisha jeki ishikilie ekseli isining'inie. Upande mmoja umalizwe kabla ya kuanza wa pili.

Shokomzoba mpya isimamishwe wima na kuvutwa na kusukumwa mara kadhaa ili hewa itoke. Fimbo yake inayong'aa isishikwe kwa koleo, maana mkwaruzo mdogo tu hukata mpira unaozuia mafuta. Bolti zenye bushi za mpira zikazwe kwanza kiasi, na zikazwe kabisa pale tu uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu. Vinginevyo bushi hubaki zimejisokota na kupasuka mapema. Baada ya kilomita 50 hivi, zikaguliwe tena.

Shokomzoba hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli moja. Kuweka mpya kulia na kuacha iliyochoka kushoto ni kulifundisha gari kuvuta upande. Zilizotolewa katika gari jingine kuukuu huuzwa kwa bei ndogo, lakini mnunuzi hujinunulia uchovu wa mwenziwe. Kadhalika, nyingi za siku hizi zina gesi iliyoshindiliwa ndani. Ya zamani isitupwe motoni wala kupewa watoto waikate kwa msumeno.

Aendaye gereji naye asilale usingizi. Apatane bei kabla gari halijainuliwa, aone vipuri vipya vikitoka katika boksi, adai kurudishiwa vya zamani, na aendeshe gari pamoja na fundi kabla ya kulipa.

Na ile familia ya Dzaleka? Njia ya tatu ipo. Mafundi waliorejea kutoka mjini wamo kambini, na miongoni mwao wapo walioondoka na vyombo vyao. Mume amwombe mmoja wao aje na stendi zake siku hiyo ya Jumapili, amlipe ujira wa nusu siku, naye mwenyewe awe msaidizi wake. Mke ataandika ujira huo katika daftari, chini ya mstari wa vipuri. Utakuwa mdogo kuliko gharama ya kwenda Lilongwe, na mdogo zaidi kuliko gharama ya kanda la matofali lililopasuka baba akiwa chini ya gari.