Risala ya Wanafunzi wa Uhandisi kwa Kamati ya Mtaala Mpya

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa walimu wetu, na ndugu zetu mliotoka viwandani,

Tumefurahi kusikia chuo kinaandaa shahada ya uhandisi wa jumla kwa kushirikiana na viwanda. Furaha ilipungua tulipoonyeshwa rasimu: kazi ya mwenye kiwanda ni kuja siku ya mwisho kuigongea muhuri.

Kero yetu kubwa mnaijua, ni fildi. Mwaka jana mwenzetu alipelekwa kiwanda chenye boila mbili, akamaliza wiki zote nane stoo akihesabu boliti. Daftari lake lilijaa, likasainiwa, akapata A. Sisi wengine tulisimama nyuma ya fundi mchundo tukikatazwa kugusa chochote. Hatumlaumu fundi. Hakuna aliyemwambia tumefuata nini.

Kwa hiyo tunaomba kila kiwanda kitakachoketi kwenye kamati kije na tatizo lake: pampu inayokula beringi kila mwezi, mota inayoungua masika yakianza. Wanafunzi wanne au watano walishughulikie mwaka mzima wa masomo, kiwanda kigharimie vipuri na kitoe mhandisi wa kuwasimamia. Chuo cha Harvey Mudd kule California, ambacho nacho hutoa shahada ya uhandisi wa jumla, kimefanya hivyo tangu 1963, na kampuni zenye matatizo ndizo zinazolipa.

Hata hivyo, kalamu ya mtaala ibaki kwa walimu. Mwenye kiwanda cha saruji anataka mtu wa tanuri lake la leo, na ana haki yake. Ila tanuri hilo litang'olewa kabla hatujastaafu. Hesabu na thamodinamiki zisipunguzwe kuipisha mashine ya mtu mmoja.

Lipo jambo moja linalotukosesha usingizi. Mhitimu wa uhandisi hutakiwa kufanya kazi miaka 3 chini ya uangalizi ndipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi imtambue kuwa mhandisi mtaalamu. Huyu wa "jumla" atasajiliwa kwa fani ipi? Ujenzi? Mitambo? Umeme? Tunaomba Bodi iitwe kikaoni sasa, na jibu lake liandikwe kwenye mtaala kabla mwanafunzi wa kwanza hajalipa ada.

Tunaomba pia viti viwili vya wanafunzi kwenye kamati hii. Majina tumeshayakabidhi kwa katibu.

Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa tatu.