Isome hitilafu kabla ya kupiga Windows upya

Na Mwanaidi Shekue

Januari 9, 2024 Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10 liitwalo KB5034441, na kompyuta nyingi za nyumbani zikaligomea. Kila lilipojaribu kujisakinisha lilikwama, ikatokea namba 0x80070643, na kesho yake yakawa yale yale. Mwenye mashine akiona hivyo wiki nzima hukata shauri: ina virusi, iende kwa fundi ikapigwe Windows upya. Hapo ndipo tunapokosea. Hitilafu inayojirudia kwa namna ileile ndiyo rahisi kuichunguza, maana ina chanzo kisichohamahama.

Chanzo cha hii kilikuwa nafasi. Diski ina sehemu ndogo iliyofichwa, inayotunza zana za kuifufua Windows inaposhindwa kuwaka. Sasisho lilihitaji megabaiti 250 humo, na kwenye mashine nyingi hazikuwepo. Namba yenyewe ilisema tu kwamba usakinishaji umeshindwa. Microsoft ilikiri kuwa mtumiaji alistahili kuambiwa nafasi haitoshi. Hapakuwa na kirusi. Aliyefuta diski nzima, na picha za harusi zikaenda humo humo, aliutibu ugonjwa usiokuwepo.

Kujua hayo hakukuhitaji ufundi. Unafungua kidirisha cha amri kwa mamlaka ya msimamizi, unaandika reagentc /info, na mistari michache inakujibu kama zana hizo zimewashwa au zimezimwa. Zikiwa zimezimwa, sasisho halikuhusu, na Microsoft yenyewe ilisema hitilafu hiyo ipuuzwe. Zikiwa zimewashwa, kuna kazi: kuzizima, kuingia diskpart, zana ya kugawa diski, na kuipunguza sehemu ya Windows kwa megabaiti 250, kuifuta ile ndogo na kuiunda upya ikiwa pana zaidi, kisha kuziwasha tena.

Wapo watakaosema diskpart si ya kuchezea, nami nakubaliana nao. Ukichagua sehemu siyo ukaamuru ifutwe, haikuulizi mara mbili. Ndiyo maana nyaraka zinakiliwa kwanza kwenye diski ya nje, na asiyejiamini aishie hapo. Lakini amri ile ya kwanza haibadilishi kitu chochote, inasoma tu, na aliyekwisha kuisoma anakwenda kwa fundi akijua la kuagiza: ongeza sehemu ya ufufuaji, data zangu usiziguse. Tena anaweza kuamua kungoja. Sasisho liliziba mwanya wa kukwepa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski, mwanya unaomtaka mwizi awe ameishika kompyuta yenyewe. Asiyefunga diski yake kwa BitLocker hakuwa na cha kuharakia.

Hoja nzito zaidi ni kwamba kazi hii ilikuwa ya kampuni. Ni kweli, na inaudhi kwamba familia iliyonunua kompyuta ili mtoto asome iachiwe kugawa diski kwa maelekezo marefu ya kitaalamu. Tuidai kampuni bila kuchoka. Lakini madai hayo yanamtaka mtu anayeweza kueleza kilichoharibika, na asiyeisoma hitilafu hana cha kudai.